Gari Lisilolia

Kabla Bwana Mizani hajakuamkia, alikupima. Macho yake yalianzia miguuni, yakapanda hadi nyongani, yakakaa hapo kidogo yakipiga hesabu, ndipo yakafika usoni na mdomo ukasema, "Habari ya asubuhi, Mwalimu." Nilikuwa jirani yake kule mlimani Riat kwa miaka mingi, ua wa michongoma kati yetu, na sikumbuki siku aliyonisalimu bila kunipima kwanza. Mimi ni mnene, sifichi. Akimaliza kunitazama alishusha pumzi kwa masikitiko, kana kwamba nimemletea gunia lenye mawe ndani.

Jina hilo alitoka nalo Muhoroni. Maisha yake yote ya kazi alikaa kwenye kibanda cha mizani katika kiwanda cha sukari, malori na matrekta ya miwa yakipanda juu ya bamba la chuma na yeye akisoma uzito. Wakulima wa huko walimchukia kwa moyo mmoja. Walisema akimwona mkulima mwenye kiburi alimwacha foleni na muwa wake upigwe jua mpaka ukauke na kupungua uzito, kisha anaupima kwa heshima zote, bila kuiba hata kilo. Hiyo ndiyo iliyowaumiza zaidi, kwamba hakuiba. Ukimuuliza alijibu, "Mizani haina mjomba," na kwa kweli alimpima hata mjomba wake.

Alipostaafu alinunua gari la stima, lisilotumia petroli wala kunguruma. Lilikuwa la kwanza mlimani petu, dogo, la rangi ya maziwa, limetoka Japani likiwa limetumika, na maandishi ya kwenye kioo chake yalikuwa ya Kijapani hivi kwamba hakuna aliyeweza kuyasoma. Betri yake ilikuwa imechoka kabla haijapanda meli. Walimwambia litafika mbali, nalo likawa linafika nusu ya mbali. Mtu mwingine angelia au angeshtaki. Bwana Mizani alifurahi, na furaha yake ndiyo iliyotutesa sisi wengine. Kwenye kioo kile palikuwa na safu ya vijiti vinavyoonyesha chaji iliyobaki, na kila kijiti kilichozimika kilimpa mtu wa kumlaumu.

Sheria zake zilikuwa nyingi. Kiyoyozi hakiwashwi, kinakula chaji. Madirisha hayafunguliwi gari likichangamka, kwa sababu upepo unaoingia unalivuta nyuma. Na jua la Kisumu mnalijua. Jumapili alitubeba majirani kwenda kanisani, nasi tulifika tumelowa kama watu waliobatizwa njiani. Redio ilikatazwa. Nilimwambia nimesoma kwamba redio haili kitu cha maana, akanijibu kwamba hata muwa mmoja hauna uzito wa maana, lakini lori limejaa muwa mmojammoja. Alitoa gurudumu la akiba, akatoa mazulia, akatoa vile vya kuegemezea kichwa. Magurudumu aliyajaza upepo mpaka yakawa magumu, na kwenye mawe ya barabara yetu meno yaligongana mdomoni. Siku moja aliwaomba akina mama waache vitabu vya nyimbo nyumbani.

"Hizo nyimbo si mnazijua?" alisema.

Alipenda mteremko kuliko watu. Kutoka kwetu hadi Mamboleo ni kushuka tu, na gari la aina hiyo likishuka bila kukanyagwa linajirudishia chaji lenyewe kidogo. Hapo alikuwa mtu mwingine. Aliimba. Aligeuka kutuonyesha kijiti kilichorudi, uso wake umejaa neema, na ungeweza kumpenda kama usingekumbuka kwamba kilichoshuka lazima kipande. Wakati wa kurudi alisimamisha gari chini ya mlima, akageuka, na macho yake yakaanza ile safari yao ya kutoka miguuni. Wa kwanza kushushwa nilikuwa mimi. Nilipanda mlima ule kwa miguu, nguo za kanisani, viatu mkononi, na yeye akiendesha kando yangu mwendo wa konokono, akinieleza kwamba kutembea ni dawa ya kisukari. Sina kisukari. Mke wake alishuka akatembea na mimi, ingawa ni mwembamba na hakuna aliyemwambia ashuke.

Sitamnyima haki yake. Mume wangu alipofariki, Bwana Mizani alikuja akakaa nami sebuleni kutwa nzima, siku baada ya siku, bila maneno ya bure, na machozi aliyolia hayakuwa ya kuigiza. Kuku wangu alipovunjika mguu alimfunga kijiti kwa uzi wa kushonea, akamtazama kila asubuhi mpaka akapona. Na kwa habari ya gari, mzee alikuwa sahihi. Vijana wa mjini wenye magari mapya ya stima waliendesha kwa fujo na kuishia kuvutwa kwa kamba wakiwa wameinamisha vichwa. Yeye hakuishiwa barabarani hata mara moja. "Sijawahi kuvutwa," alisema, na alilisema kanisani, kwenye harusi, kwenye foleni ya benki. Alikuwa na methali moja tu ya Kiswahili na aliipenda kuliko mimi niliyelipwa kuzifundisha: kawia ufike.

Gari lilichajiwa kwa waya uliopita dirisha la sebule, kwa hiyo dirisha hilo halikufungwa, na mbu wote wa Riat waliijua njia. Gari likinywa, pasi haiwashwi, friji inazimwa, televisheni inalala. Mke wake alipika kwa makaa nje, amejitanda leso, moshi machoni, na jokofu zima sebuleni likinuka samaki wa juzi. Stima ikipotea, na kwetu hupotea bila kuaga, Bwana Mizani alisimama langoni akiitazama nguzo kwa hasira ya mtu aliyeibiwa ng'ombe.

Sasa nimfikie huyo mke. Sisi sote tulimwita Nyar Uyoma, yaani binti wa Uyoma, kwa sababu Wajaluo humwita mwanamke kwa jina la kule alikozaliwa hata akae kwa mumewe mpaka azeeke. Kwao ni karibu na Luanda Kotieno, pale feri inapovuka kwenda Mbita. Mimi ni wa Vihiga, nilikuja Kisumu kufundisha Kiswahili, na Kijaluo changu ni cha sokoni, kwa hiyo tuliongea Kiswahili, kila mtu na chake. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Kitu kimoja tu alikitaka kwa sauti, nacho ni kwenda kumwona mamake.

Mama yule alikuwa mzee sana na macho yalikuwa yamekwisha. Watu aliwatambua kwa masikio: huyu kwa kikohozi, yule kwa baiskeli inayolia mnyororo. Aliposikia binti yake ana gari la stima alitaka alipande, hata kuzunguka boma tu, ili naye aseme amelipanda. Nilikuwepo siku moja wanaongea kwa simu. Nyar Uyoma alicheka, akanitafsiria.

"Anauliza, 'Sasa nitajuaje mmefika, kama hailii?'"

Lakini kila Nyar Uyoma alipoomba safari, mumewe alitazama vijiti. Mwezi huu mvua, barabara ikilowa gari linavuta kwa nguvu. Mwezi ule upepo wa ziwani unapiga kwa mbele. "Swali si kwenda," alisema. "Swali ni kufika."

Mtasema, kwa nini hakuabiri gari lingine aende zake? Nami nilimuuliza. Akanitazama kama mwalimu asiyejua kitu. Kwao, binti aliyeolewa akitokea peke yake, bila mume, wakati kila mtu anajua mumewe ana gari, watu hawamwulizi habari, wanamwuliza amefanya kosa gani hata akafukuzwa. Na mzee naye alikuwa amekataza. Mke wa mtu mwenye gari hashuki kwa boda kwao. Ndivyo alivyofungwa, huku kwa aibu na huku kwa kiburi cha mwingine.

Kisha kaka yake akapiga simu. "Mama anakuita," alisema. "Kujeni leo."

Gari lilikuwa na nusu ya chaji. Bwana Mizani alisema nusu haiendi Uyoma, akaunganisha waya. Mchana stima ikapotea. Nyar Uyoma alikuwa ameshavaa, na vitu vya kumpelekea mama vimepangwa mlangoni: sukari, unga, mikate, majani ya chai, na leso mpya. Alikaa kwenye kiti karibu na vitu hivyo mpaka jua likazama. Nilimpelekea uji, akaurudisha. Nilimwambia mumewe kwamba nusu ile ingemfikisha angalau Ndori, kule wangepata gari lingine. Alinijibu kwa upole kwamba mtu haachi gari lake njiani kama kiatu kilichokatika.

Stima ilirudi usiku, na asubuhi gari likawa limejaa. Hapo ndipo mzee alipofungua buti akaona mzigo. Alishika mfuko wa sukari, akaupandisha na kuushusha mkononi, macho amefumba, akasoma uzito. Kisha akaanza kuvitoa kimoja kimoja na kunipitishia juu ya michongoma.

"Tuwekee hizi, Mwalimu. Mzigo ndio unakula chaji."

"Mkono mtupu haulambwi," nilimwambia. "Anakwenda kwa mamake."

"Methali hazisukumi gari."

Nyar Uyoma aliichukua ile leso mpya akajifunga kiunoni, juu ya nguo zake, kwa sababu kilichovaliwa hakikuwa mzigo. Waliondoka bila kelele. Gari lile ukiligeuzia mgongo kidogo tu, limekwisha kwenda.

Ya njiani alinisimulia mwenyewe baadaye, mara moja tu. Walikwenda polepole hivi kwamba wenye baiskeli walisalimiana nao. Kombewa kijiti kikazimika, na mzee akaanza kunung'unika. Walipofika Ndori, na Uyoma sasa si mbali, akaingia kando kwenye kibanda cha fundi wa kuchomelea vyuma, akaomba kuchomeka. Stima ya pale ilikuwa ya kudondoka tone kwa tone. Wakapewa viti. Kaka mtu alipiga simu, kisha akapiga tena.

"Baba, wacha nipande boda," Nyar Uyoma alimwambia mumewe. "Wewe utanipata huko."

"Na gari iko hapa?"

"Mama anangoja."

"Atangoja kidogo. Kawia ufike."

Akakaa. Hilo neno, alisema, ndilo alilolisikiliza mpaka fundi alipofunga kazi ya mlango mmoja na kuanza wa pili. Simu ya kaka haikupigwa tena, na mzee akaona hiyo ni dalili njema.

Waliingia bomani mchana. Watu walikuwa wamejaa uani, wamewapa mgongo, na hakuna aliyegeuka, kwa kuwa gari halikulia. Bwana Mizani aliinama kwenye kioo akahesabu vijiti, na uso wake ukajaa neema ile ya mteremko.

"Yawa! Ona hii," alimwambia mkewe. "Hata tusingesimama Ndori tungefika, na ingebaki."

Ndipo mtu mmoja alipogeuka, akawaona, akaweka mikono kichwani. Mama alikuwa amekata roho wakiwa kwenye viti vya fundi. Kaka alimweleza dada yake jinsi ilivyokuwa. Asubuhi yote mama aliuliza kama wamefika. Walipomwambia bado, hakuwaamini. "Anatuambia, nendeni muangalie kwa geti," kaka alisema, "hiyo gari hailii." Wakawa wanakwenda kumwangalilia langoni na kurudi, mpaka alipoacha kuuliza.

Nilikwenda mazishini na wenzangu wa kanisa, na ule mfuko wa sukari nikaupakata njia nzima. Palikuwa na mahema, viti vya kukodi, na jenereta moja iliyokuwa ikiendesha vipaza sauti, kwa kuwa stima ya kijiji ilikuwa imepotea. Wakasema wengi. Chifu alisema, mchungaji alisema, mtu wa chama fulani akajisema mwenyewe. Mwisho akaitwa binti. Nyar Uyoma alisimama na leso ile kiunoni, akashika maikrofoni, akasema, "Mama." Jenereta ikakohoa mara mbili, na vipaza sauti vikafa.

Vijana walikimbilia jenereta. Mmoja akaona waya asioujua, akaufuata. Waya ulipita nyuma ya hema, ukapita chini ya viti vya wazee waliokuwa wakiinua miguu kuupisha, ukazunguka ghala la mahindi, ukaishia kwenye gari la rangi ya maziwa. Bwana Mizani alikuwa amesimama kando yake, kofia mkononi, macho mekundu. Alikuwa amemlilia mama mkwe kwa haki kabisa. Lakini kurudi Kisumu lazima watu wajiandae.

Kwa Wajaluo mkwe ni mtu wa kukaa kwa adabu. Hali chakula ovyo ukweni, haombi kitu ukweni. Kaka mtu alitazama waya, akautazama uso wa shemeji yake, akamwita orwa, yaani shemeji kwa Kijaluo, na mengine akayasema kwa Kiswahili ili sisi wageni pia tufaidi:

"Orwa, umekuja kulia ama kuchaji?"

Msiba mzima ulicheka. Hata mchungaji alifunika mdomo kwa Biblia. Nami nilicheka, na ningecheka tena leo. Aliyebaki bila kucheka ni yule aliyesimama mbele na maikrofoni iliyokufa. Alingoja kicheko kiishe, akasema maneno yake kwa mdomo mtupu, na sauti yake ni ndogo, waliomsikia ni viti vya mbele peke yake. Mimi nilikaa nyuma. Sijui mpaka leo alimwambia nini mamake.

Mlimani kwetu usemi ule ulifika kabla yao. Watoto walimpigia kelele langoni: kulia ama kuchaji! Alivumilia. Aliniambia, kwa masikitiko ya kweli, kwamba watu hawaelewi hesabu. Nyar Uyoma hakupanda gari lile tena. Jumapili alikwenda kanisani kwa miguu, kushuka na kupanda, na mumewe akimpita kwenye mteremko akiimba peke yake. Gari sasa lilikuwa jepesi. Alinieleza kwamba linafika mbali kuliko zamani.

Kisha mapafu yakamkamata mzee. Daktari alisema ni vumbi la miwa la miaka yote ile, pamoja na mengine. Alikonda mpaka yeye mwenyewe angejipitisha kwenye mizani yake bila malalamiko. Walimletea mashine ya oksijeni ya nyumbani, ile inayochomekwa ukutani na kumpa mgonjwa hewa kwa mrija wa puani. Na kwa kuwa stima yetu ni ileile, fundi alikuja akafunga kifaa cha kuchukua nguvu kutoka betri ya gari. Ikipotea stima, gari linaiendesha mashine. Waya ulipita kwenye dirisha lilelile, ila safari hii ulikunywa kutoka nje kuja ndani.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa alasiri moja, stima imepotea tangu asubuhi. Nilimkuta kwenye kiti chake karibu na dirisha, mrija puani, mashine ikinguruma miguuni pake. Macho yake yalijaribu kuanza safari kutoka viatuni mwangu, yakachoka magotini. Nyar Uyoma alikuwa mezani akichambua mchele.

"Nenda uangalie," alimwambia.

Alitoka, akasimama kando ya gari, akarudi akaketi kwenye mchele wake.

"Vijiti?"

"Viko."

"Ngapi?"

"Viko, Baba."

Alivuta pumzi, ikakatikia njiani. Kidole chake kikaonyesha kitufe cha mashine. "Ongeza kidogo. Daktari alisema nikilemewa..."

Nyar Uyoma aliweka ungo chini. Alisimama mbele yake, akamtazama miguuni, akapanda taratibu hadi magotini, nyongani, kifuani, akakaa hapo kifuani kwa muda mrefu, kisha usoni. Sikuwa nimewahi kumwona mwanamke akifanya hivyo, na alifanya vizuri kuliko mwenye kazi.

"Kuongeza inakula chaji," alisema. "Hatujui stima itarudi saa ngapi. Swali si kwenda, Baba. Swali ni kufika."

Mzee alinigeukia mimi. Alikuwa na hofu, na hofu ile niliiona wazi, ya mtu aliyekaa juu ya bamba la chuma akingoja kusomewa. Alianza kuvuta hewa kidogo kidogo, kwa hesabu, ili isiishe. Nilimwambia atulie. Nikaaga.

Nyar Uyoma alinisindikiza hadi langoni. Tulipolipita gari niliinama kwenye kioo, na hata mimi nisiyejua Kijapani niliweza kusoma. Safu yote ilikuwa inawaka. Mashine ile ndogo haikuwa imepunguza hata kijiti kimoja.

"Imejaa," nilisema.

"Imejaa."

"Si umwambie basi? Anakufa na hofu mle ndani."

Alijifunga leso vizuri kiunoni. Rangi yake ilikuwa imepauka, lakini niliijua.

"Nitamwambia, Mwalimu," alisema. "Akifika."